Mfuko wa Rathke: nani huuambia uwe tezi ya pituitari?

MwalimuShela: Assalaam alaykum. Wanafunzi wa baiolojia hapa Lamu wameshaelewa kuwa sehemu ya mbele ya pituitari, tezi ya homoni iliyo chini ya ubongo, hutoka paa la kinywa cha kiinitete kupitia kijifuko kiitwacho mfuko wa Rathke, na ya nyuma hutoka ubongoni. Wauliza: kinywa chajuaje kutengeneza tezi? Na mfuko wenyewe waweza kuonekana kwenye yai la kuku?

TabibuMalindi: Wa alaykum salaam, mwalimu. Hakijui, huambiwa na jirani. Sakafu ya ubongo hugusana na paa la kinywa, na hapo ubongo hutoa BMP4, protini ya kupeleka amri kwa seli za jirani. Paa hubonyea kwenda juu likawa mfuko. Baadaye protini nyingine za amri, FGF8 na FGF10, kutoka chipukizi la ubongo liitwalo infundibulamu, huwasha Lhx3, jeni ambayo mfuko wahitaji ili ukue, na kuzifanya seli zizaane. Msizichanganye amri hizi mbili. Panya wa maabara wasio na Nkx2.1, jeni ya upande wa ubongo, wana BMP4 lakini FGF8 haipo: mfuko huanza, halafu seli zake hufa.

Hadubini: Jirani wa kuzuia asisahauliwe. Noggini, protini nyingine, hufunga BMP isisambae. Panya walioikosa huota tishu ya pituitari ya ziada.

Kuhusu mayai: ya kuku wa kizungu hayafai, kwani hawafugwi na jogoo. Tafuta ya kienyeji, yaliyotagwa siku hiyo hiyo. Joto la Lamu ndilo adui hapa: likipita nyuzi 21 hivi kiinitete huanza kukua kwa kusuasua, na yai lililokaa wiki nzima kapuni mara nyingi hutoa kiinitete dhaifu au kilichokufa. Yalaze ubavu kwenye nyuzi 37.5 hadi 38 kwa saa 72. Kabla ya kukata dirisha, toboa ncha moja, ingiza sindano ukiielekeza chini, uvute ute mililita 3. Kiini kitashuka, ukiiruka hatua hii mkasi utapasua mishipa ya damu iliyogandamana na ganda.

Loweka kichwa cha kiinitete kwenye formalini ya asilimia 10 usiku kucha, kisha kigandishe kwenye nta na ukate vipande vya mikromita 8 kwenye mstari wa kati. Siku ya 3 kichwa kimeshageuka kulala ubavu, kwa hiyo wengi hukata upogo wakaukosa mfuko, wakadhani haupo. Ukipatia, utaona kidole chembamba cha seli kikipanda kutoka kinywani hadi kugusa ubongo, na ncha ya notokodi, ule ufito wa mgongoni mwa kiinitete, nyuma yake tu.

MwalimuShela: Shukran sana. Na kwa binadamu?

TabibuMalindi: Mfuko huanza wiki ya 4. Mtoto mchanga mwenye mpasuko wa katikati ya uso na sukari inayoshuka mara kwa mara, huenda pituitari yake haikukua sawasawa: apimwe kortisoli (homoni ya tezi za adrenali) na T4 huru (homoni ya tezi ya thairoidi). TSH, homoni ya pituitari inayoiamuru thairoidi, peke yake hudanganya, yaweza kuonekana ya kawaida ilhali pituitari imeshindwa. Kortisoli ikiwa chini, haidrokotizoni (dawa ya kuziba pengo la kortisoli) itangulie thairoksini (dawa ya T4). Mkianza na thairoksini, ile kortisoli kidogo aliyonayo huisha upesi na mtoto hupoteza shinikizo la damu.