Picha za harusi zinaharibika nikiziweka Instagram, na wanaouliza bei ni wachache. Nirekebishe wapi?

Nyakato_Picha
Wakuu, habari za saa hizi. Napiga send-off na harusi hapa Mwanza. Kwenye kompyuta picha ziko safi, ila nikiposti Instagram ngozi inageuka kijivujivu, kilemba cha bibi harusi kinakatwa na pazia la jukwaani linatoka mistari. Nahariri kwa Lightroom, najitumia kwenye simu kwa WhatsApp, kisha naposti. Jambo la pili, laiki napata lakini wateja hawaji. Naomba maelekezo ya mipangilio yenyewe, "posti kila siku" nimeshaisikia sana.

FundiLenzi
Mkuu, anza na hiyo WhatsApp. Ukituma picha kama picha, inapunguzwa na kubanwa, halafu Instagram inaibana tena. Kubanwa mara mbili ndiko kunakovunja pazia lililomulikwa taa za zambarau likatoka mistari. Hamisha kwa waya wa USB, au itume kama dokumenti, au fungua Instagram kwenye kivinjari cha kompyuta upakie kutoka hapo hapo. Pazia likiendelea kusumbua, ongeza chembechembe kidogo (Grain 10 hadi 15) kabla ya kutoa faili. Na kwenye simu, ingia mipangilio ya Instagram, sehemu ya matumizi ya data, uwashe kupakia kwa ubora wa juu.

Ngozi ya kijivu mara nyingi ni Adobe RGB, mfumo wa rangi mpana kuliko sRGB, ule wa kawaida wa mtandaoni. Baadhi ya programu zinaisoma faili hiyo kana kwamba ni sRGB, kwa hiyo wekundu wa ngozi na wa kitenge unafifia. Unapotoa faili Lightroom chagua JPEG, sRGB, ubora 80, upana pikseli 1080, na unoaji wa skrini kiwango cha kati. Ile namba ya ppi achana nayo, haibadilishi kitu mtandaoni. Kama unapiga RAW (faili ghafi ya kamera), Adobe RGB uliyochagua kwenye kamera haigusi RAW yenyewe, inagusa JPEG tu.

Kilemba sasa. Kamera nyingi zinatoa 2:3 (uwiano wa upana kwa urefu). Ukisimamisha picha kwa upana wa 1080, urefu unakuwa 1620. Gridi ya Instagram (vijipicha vilivyopangwa kwenye ukurasa wako) tangu 2025 ni 3:4, yaani 1080 kwa 1440, kwa hiyo pikseli 180 lazima ziondoke. Ukiiachia programu ikukatie, inachukua 90 juu na 90 chini, na huko juu ndiko kilemba kiliko. Kata mwenyewe, utoe zote chini kwenye gauni. Dawa ya kweli ni ukumbini: acha nafasi ya kiganja kizima juu ya kilemba. Ukibaki na 4:5 (1080 kwa 1350) nayo inakubalika, ila gridi itaficha karibu pikseli 34 kila upande, basi jina lako usilibandike ukingoni kabisa. Za stori ni 1080 kwa 1920. Acha pikseli 250 juu na 250 chini bila uso wala maandishi, vitufe vinakaa hapo.

DadaWaStudio
Kaka Nyakato, hapo kwa wateja nikwambie wazi: wanaokupa laiki wengi ni wapiga picha wenzako. Anayetafuta wa kumpigia harusi yuko kwenye ukurasa wa mpambaji, wa mwenye keki, wa ukumbi na wa MC. Picha zako zinatakiwa ziwe huko.

Kila mmoja mpe picha anayoihitaji yeye. Anayemremba bibi harusi anataka uso wa karibu kabla shela haijashushwa, mwanga wa dirishani, bila filta. Mwenye keki anataka keki nzima kabla kisu hakijagusa. Mpambaji wa ukumbi anataka jukwaa na meza kabla wageni hawajakaa, na hiyo wengi wanaikosa kwa sababu wanafika na msafara. Omba mlango dakika 10 mapema, simama katikati ya njia ya maharusi, kamera usawa wa kifua, lenzi ya milimita 24 au 35, mistari ya nguzo iwe wima. Ndani ya saa 48 mtumie kila mmoja picha 5 hadi 8 kama dokumenti, na maneno ya kubandika yenye jina la akaunti yako. Bora zaidi, mwalike kama mshirika wa posti: akikubali, posti ile ile inatokea kwenye kurasa zote mbili.

Kwenye sehemu ya jina, ile ya juu ya bio, andika "Picha za Harusi Mwanza", maana inatafutika. Na ile "bei njoo inbox" iondoe. Andika bei ya kuanzia na kilichomo: saa ngapi, wapiga picha wangapi, albamu ya kurasa ngapi. Mtu mwenye kamati ya harusi mgongoni hana muda wa kuomba bei kwa watu kumi.

Nyakato_Picha
Asanteni sana. Stetasi ya WhatsApp je? Naona watazamaji hawaongezeki.

FundiLenzi
Stetasi inaonekana pale tu ninyi wawili mmehifadhiana namba. Ukiwa unakabidhi picha, mwambie mteja akuhifadhi, nawe umhifadhi. Bei ziweke kwenye katalogi ya WhatsApp Business, stetasi inapotea baada ya saa 24.

Kisauni_Kamera
Salaam kutoka Mombasa. Kabla ya kusambaza picha kwa mpambaji, idhini ya maharusi iwe kwenye mkataba, kipengele chake peke yake, na sehemu tofauti za kuweka alama: picha za maharusi, za wageni, za watoto. Huku Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwenu Tanzania sheria ya taarifa binafsi ni ya 2022, inatumika tangu Mei 2023.

Picha za kupamba (sherehe ya kina mama ya kumpamba bibi harusi) au kitchen party, ambako kina mama wamevua mitandio wakijua wako peke yao, hazitoki kabisa bila ruhusa ya kila anayeonekana. Hata ukungu usoni hautoshi. Gauni na mkufu vinamtambulisha mtu.

Pia faili inayotumwa kama dokumenti inabaki na GPS (alama ya mahali ilipopigwa) kama ilikuwa nayo. Unapotoa faili Lightroom, weka alama ya kuondoa taarifa za mahali, hasa kama bibi harusi alipigwa nyumbani kwao.