Tupeane uzoefu: Krismasi ugenini, begi mgongoni, hela ya kuhesabu

Mzururaji wa Mbezi
Wakuu, leo nimekatiza Stendi ya Magufuli, watu wanagombania tiketi za Moshi kama zinagawiwa bure. Nikakumbuka Krismasi niliyoila Livingstone, Zambia, ndani ya hema, mvua inanipigia ngoma juu. Nilishuka na treni hadi Kapiri Mposhi, kisha mabasi. Hakuna aliyeniambia kwamba Disemba, upande wa Zambia, maporomoko ya Victoria huwa yamekauka sehemu kubwa. Nimelipa kiingilio cha mgeni nikaangalia mwamba. Maji yenyewe yako upande wa Zimbabwe. Mchana nikala nshima na kapenta, yaani ugali na dagaa, chakula kile kile nilichokikimbia nyumbani. Waliowahi kula sikukuu nje kwa kuungaunga, mwageni hapa.

Mangi Mtoro
Mchaga unakula dagaa tarehe 25? Ukoo umeshakaa kikao.

Mzururaji wa Mbezi
Mimi ni Mpare, usinisingizie.

Wa Isiolo
Mimi nilipanda Addis Ababa kupitia Moyale. Mkenya haombi viza huko, kwa hivyo gharama ilikuwa nauli na pa kulala tu. Tarehe 25 naamka nikitarajia shamrashamra, kumbe watu wako kazini. Krismasi yao ni tarehe 7 Januari, na kabla yake Waorthodoksi hufunga siku 43 bila nyama, maziwa wala mayai. Mkahawa nilioingia ulikuwa na chakula cha mfungo pekee: shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde), dengu na kabeji juu ya injera, ule mkate wao mpana kama chapati. Tamu, sikatai, lakini roho ilikuwa inalilia mbuzi. Uzuri ni kwamba hakuna bei za sikukuu. Halafu saa wanazihesabu kama sisi. Ukiambiwa basi linaondoka saa kumi na moja, uliza kwanza kama ni ya alfajiri.

Kibubu
Kweli tupu. Nenda penye watu wasiosherehekea, utalala kwa bei ya kawaida.

Jasho la Koti
Huwa nasoma tu na kupita, ila hii mada imenitonesha. Nilikuwa mwanafunzi Ujerumani. Likizo imeingia, bweni limebaki tupu, nikapanda basi la usiku kwenda Kraków, Poland, maana kitanda cha chumba cha pamoja kilikuwa rahisi mno. Nimefika tarehe 24 mchana, nakuta maduka yanafunga. Saa kumi jioni giza. Hosteli niliyolipia mapokezi hakuna mtu, mlango ni wa namba za siri, na namba walizonitumia mlango unazikataa. Napiga simu, inaita hadi inakata. Begini nina nusu mkate.

Nikazunguka Rynek, ule uwanja mkubwa wa katikati ya mji, mpaka vidole sivisikii tena. Nikarudi, mpangaji mmoja akaniachia mlango wa chini, nikakaa kwenye ngazi napiga hesabu ya kulala stesheni. Akatokea mama mmoja wa juu anapeleka takataka. Ananiuliza kwa Kipolandi, namjibu kwa Kijerumani, hakuna kinachoeleweka. Akanishika mkono wa koti, akanipandisha.

Ndani kuna watu sita na sahani saba. Kumbe usiku ule, wanauita Wigilia, Wapolandi huweka sahani ya ziada kwa mgeni asiyetarajiwa. Sasa huyo mgeni akawa mimi, mtoto wa Tabora. Wakanipa opłatek, ni kama hostia ya kanisani. Kila mmoja anamega kidogo kwenye ya mwenzake huku akimtakia heri. Ikaja supu ya bitiruti, ikaja samaki, ikaja pierogi, kama sambusa za kuchemsha. Kwa desturi vyakula ni 12. Nangoja nyama. Haikuja, usiku huo hawali nyama! Babu yao alipoanza kuimba nililia, na sijali mtasemaje. Kijana wao ndiye aliyeipigia hosteli hadi ikapokea. Saa nne usiku nikafunguliwa.

Bwana Hoja
Chai. Tena ya maziwa.

Baridi ya Mashariki
Bwana Hoja, mimi naishi Warszawa. Sahani ya ziada ipo. Ila wengi huiweka kama desturi, inabaki tupu mpaka meza inaondolewa. Kuvutwa ndani hivyo ni bahati.

Bwana Hoja
Kwa hiyo nimesema uongo gani?

Kibubu
Jasho la Koti, huyo kijana wao hakuwa na dada? Nauliza tu.

Jasho la Koti
Alikuwa na dada. Na shemeji yetu alikuwepo mezani, mkubwa kama kabati.

Wa Isiolo
Mnaenda mbali bure. Afrika Mashariki unavuka kwa kitambulisho cha taifa tu.

Mangi Mtoro
Usiwapoteze watu. Walioanza hivyo mwaka 2014 ni Kenya, Uganda na Rwanda. Watanzania bebeni pasi.

Bwana Hoja
Mbona mimi Mutukula, mpakani na Uganda, nilipita bila kitu?

Mangi Mtoro
Hiyo ni njia ya panya, na umeiandika hadharani.

Bi Mkubwa wa Ilala
Wanangu, mimi nilipitia Muscat, Oman, kwa mdogo wangu. Krismasi ilikuwa siku ya kazi. Makanisa yapo Ruwi, tukasali vizuri. Majirani wana asili ya Unguja, Kiswahili chao kinanishinda mimi, wakatuletea pilau. Ushauri wangu: kateni tiketi na vyumba mapema, Oktoba hivi.

Kibubu
Shikamoo mama. Mimi ningesema msikate kabisa, subirini dakika za mwisho, hosteli hushusha bei.

Jasho la Koti
Hosteli ipi hushusha bei Disemba? Taja.

Kibubu
Za Addis.

Wa Isiolo
Hizo hazikupanda tangu mwanzo, bro.

Mzururaji wa Mbezi
Turudi kwenye mada. Kuna aliyelala upande wa Zimbabwe kwa hema? Bei zao zikoje?