Mboga zisizopigwa dawa kwa bajeti ndogo Dar: supamaketi, kikapu cha oda au gengeni?

Mama Nasra (Tabata)
Wakuu habari zenu. Nina mtoto wa miezi 8, ndiyo kwanza anazoea mchicha na viazi vya kuponda. Juzi nimenunua nyanya zina vumbi jeupe, tangu siku hiyo sina amani. Bajeti ya mboga na matunda ni 40,000 kwa wiki, tuko watano. Nimejaribu njia tatu.

Supamaketi: kipakiti cha spinachi kimeandikwa "organiki", bei yake ni mafungu sita ya gengeni, na hakuna jina la shamba wala alama yoyote. Kikapu cha oda: kuna binti analeta kila Jumamosi kutoka Morogoro. Mboga zake nzuri mno, ila pamoja na bodaboda ni 35,000 na Jumatano kimeisha. Gengeni: bei tunaimudu, lakini muuzaji hajui zimelimwa wapi. Nishike lipi?

Mkulima wa Chanika
Mama Nasra, mimi ningeanza na aina ya mboga, duka baadaye. Nimelima nyanya na hoho misimu sita, nakueleza nilichokiona shambani. Nyanya inapigwa dawa kuliko karibu kila kitu unachokula. Tangu kantangaze, yule mdudu anayeshambulia nyanya, aingie nchini mwaka 2014, wapo wanaopuliza kila wiki, na masika wanaongeza dawa ya ugonjwa wa bakajani. Hilo vumbi jeupe mara nyingi ni dawa ya ukungu. Ukisugua kwenye maji yanayotiririka, nyingi inatoka. Shida ni zile dawa zinazoingia ndani ya mmea, hizo hazioshwi.

Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye kopo. Lakini bei ikipanda ghafla sokoni, mkulima mwenye deni anavuna kesho yake. Nimeshuhudia, na inaniuma kulisema kwa sababu ni wenzangu.

Sasa geukia kisamvu, majani ya maboga, mlenda, matembele. Sijawahi kuona mtu amebeba bomba kwenda kupulizia kisamvu. Hizo chukua gengeni. Hela ya kikapu ipeleke kwenye nyanya, hoho, kabichi na chainizi. Machungwa, ndizi na nanasi unamenya, usiongeze hela huko.

Binti wa Kigogo
Mkulima umesema kweli kuhusu dawa, ila umeyasahau maji. Nimekulia jirani na bonde la Msimbazi. Mto ule unapokea majitaka ya viwandani na majumbani, na mchicha na matembele vinamwagiliwa humo humo. Watafiti wamepima mboga za bonde hilo wakakuta madini mazito, risasi ikiwemo. Mmea unayavuta kwa mizizi, kwa hiyo hata uoshe mara tatu yamo. Mchicha usiopigwa dawa hata tone unaweza bado usimfae mtoto. Usimuulize mama wa gengeni kama ni wa asili, muulize umemwagiliwa maji ya wapi. Wa kwangu alipoona nauliza kila siku, alianza kuniwekea wa kisima kutoka Bunju, 500 ile ile.

Mkulima wa Chanika
Hapo umenisahihisha dada. Matembele nayatoa kwenye orodha mpaka ujue bustani yake.

Mzee wa Kimara
Hilo neno "organiki" kwenye kipakiti anaweza kuliandika yeyote. Tafuteni alama ya Kilimohai. Inatokana na kiwango cha kilimo hai (ndiyo hiyo organiki) cha Afrika Mashariki kilichopitishwa mwaka 2007. Cheti kinapatikana kwa njia mbili: kampuni ya ukaguzi, ambayo ni ghali na gharama inamfikia mlaji, au wakulima wa kikundi kukaguana wenyewe kwa utaratibu maalumu, ambayo ni nafuu zaidi. Kwa soko letu la ndani hiyo ya kikundi inatosha kabisa. Mama, muulize binti wa kikapu wakulima wake wako kwenye kikundi gani.

Kijana wa Mbezi
Naomba tu mama usimpunguzie mtoto mboga kwa hofu. Mboga ya gengeni iliyooshwa vizuri ni bora kuliko sahani isiyo na mboga.

Shangazi wa Gongo la Mboto
Mwanangu, kikapu usikibebe peke yako. Sisi majirani wanne tunaagiza kwa pamoja, bodaboda anakuja mara moja tunagawana nauli. Halafu mchicha wa mtoto ulime mwenyewe. Mimi nina viroba sita kando ya ukuta, udongo na samadi iliyooza vizuri. Ukisia leo, wiki ya nne unachuma, mtoto mmoja hamalizi. Tatizo ni maji, mwezi wa kwanza jua likiwaka utamwagilia asubuhi na jioni. Matembele ndiyo rahisi zaidi, unachomeka marando tu. Njoo nikukatie.

Mama Nasra (Tabata)
Asanteni sana, mmenitua mzigo. Nimempigia binti wa kikapu. Wakulima wake wako kwenye kikundi na picha ya cheti atanitumia kesho. Amekubali kunipimia nyanya, hoho, karoti na kabichi tu kwa 16,000, na dada wa chumba cha pili naye anataka, kwa hiyo nauli nusu kwa nusu. Kisamvu na majani ya maboga gengeni. Shangazi, Jumapili nakuja na kiroba changu, marando nikute umeshayakata?

Shangazi wa Gongo la Mboto
Uje saa mbili asubuhi kabla ya jua. Na mtoto umlete.