Naombeni ushauri: nimpeleke tuisheni au nimwache ajisomee?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za saa hizi. Mimi ni mama, naishi Makorora hapa Tanga, nauza chai na vitumbua. Binti yangu yuko kidato cha nne, Novemba anafanya mtihani wa taifa. Anataka kombi ya PCB kidato cha tano, kwa hiyo fizikia, kemia na baiolojia lazima apate angalau C.

Kemia ndiyo inayoninyima usingizi, kwenye moko, ule mtihani wa majaribio, alipata D. Kuna mwalimu Chumbageni anataka elfu sitini kwa mwezi, jioni tatu kwa wiki. Nikijibana nitaipata. Ila mtoto anatoka shule saa kumi amechoka, tuisheni inaisha saa mbili usiku, atajisomea saa ngapi? Mwenyewe ananiambia, "Mama, niache nijisomee." Jumamosi anakwenda maktaba ya mkoa, anafanya mitihani ya nyuma ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na anasoma zile taarifa za baraza zinazoeleza watahiniwa walikosea wapi. Nia anayo, naiona.

Hofu yangu ni vitendo. Titresheni, lile jaribio la kudondoshea asidi kwenye besi, haisomeki kwenye daftari. Inataka bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo, mkononi, na mtu wa kukuonyesha rangi inabadilika wapi.

Walimu na wazazi mliopitia hili, hawa wa tuisheni wana vifaa kweli, au ni ubao tu? Au nimfuate mwalimu wake wa shule, nimwombe awe anawafungulia maabara Jumamosi? Nisaidieni jamani, siku zinakwenda.