Mbwa mzee mwenye mbio nyingi anatafuta kwao kupya: tupeane uzoefu

MamaKonda
Hamjambo wadau. Ni saa saba usiku, Konda amelala miguuni pangu na mimi usingizi umekataa. Ni mbwa wa kienyeji, wa kahawia, sikio moja limechanika. Nilimtoa steji ya Kahawa West miaka minne iliyopita. Alikuwa akikimbiza kila matatu inayotoka, ndiyo makanga wakampa jina hilo. Daktari alimtazama meno akasema ana miaka minne hivi, labda mitano. Jumlisheni. Sasa mdomo umejaa mvi, lakini ukuta wa futi tano bado anauruka, na asipokimbizwa alfajiri anaingia kwa jirani kuchimbua sukuma wiki.

Mwisho wa mwezi ujao nahama. Mwenye ploti ameuza. Ninachomudu ni chumba Pipeline, ghorofa ya nne, na msimamizi ameniambia wazi kwamba mbwa hapandi ngazi zake. Nimeweka picha za Konda kwenye magrupu manne ya WhatsApp. Kila anayepiga simu anauliza, "Ako na miezi mingapi?" Nikisema ni miaka minane, simu inakatwa.

Aliyewahi kumtafutia mbwa wa umri huu kwao kupya, aniambie alifanyaje. Na kama mambo yaliharibika, niambieni pia.

Kiatu_Kimoja
Hilo swali la miezi mingapi. Wacha tu. Mimi wangu alikuwa na miaka sita na wakasema ameisha.

BabaMapacha
Dada, nilikuwa nimeapa sitasimulia hii.

Mwaka wa 2021 nilipata kazi Mombasa, kazi ya kuanza wiki ile ile. Nilikuwa na jike anaitwa Chapati, miaka tisa, mwenye nguvu za kuvuta mkokoteni. Nikaandika kwamba natoa mbwa bure, mlinzi mzuri. Siku hiyo hiyo akaja mwanamume na pikapu. Mpole, ameshika mfupa mkononi, anasema ana shamba la ekari mbili upande wa Joska, mbwa atakimbia atakavyo. Nilifurahi mpaka nikamsaidia kumpandisha. Sikuuliza shamba liko wapi hasa. Sikuuliza atalala wapi. Tulikutana barabarani, tukaagana barabarani.

Wiki ya tatu simu yake haikupatikana. Wiki ya nne pia. Desemba nilirudi Nairobi nikaanza kumtafuta, duka kwa duka kwenye Kangundo Road, picha mkononi. Siku ya pili kijana wa boda akaniambia mbwa kama huyo yuko kwenye yadi ya mawe, nyuma ya mabati. Nilipokaribia nilisikia mnyororo ukigonga mabati kwa nguvu. Hakuwa ameniona, nadhani alitambua mwendo wangu.

Mnyororo ulikuwa wa urefu wa hatua mbili. Maji yalikuwa kwenye mkebe wa rangi, yamegeuka kijani. Shingoni waya ulikuwa umeingia ndani ya nyama, manyoya yameota juu yake. Mbwa ambaye kwangu alikuwa anamaliza uwanja wa shule mara kumi kila asubuhi. Yule mwanamume akanitazama akaniambia, "Si ulinipa bure?"

Nilimlipa shilingi 3,000 nikamchukua. Aliishi mwaka mmoja na nusu kwa mama mkwe wangu, na shingo haikuota manyoya tena. Usimkabidhi Konda steji. Nenda uone atakapolala. Kama mtu hataki uone, umeshajibiwa.

Mtu_wa_Umoja
Nimesoma nikaweka simu chini.

Kiatu_Kimoja
Hapo kwa "si ulinipa bure" ndipo kwenye shida yote. Weka bei, MamaKonda. Hata elfu mbili. Mtu hutunza alichonunua.

Msusi_Kayole
Sikubaliani. Ukiweka bei unamleta dalali, naye atamuuza tena Jumapili. Toa bure lakini uliza maswali kama unaozesha binti. Nani yuko nyumbani mchana? Geti linafungwa? Mbwa wa mwisho alikufa kwa nini? Hilo la mwisho usilisahau.

Msema_Wazi
Samahani kwa nitakayosema. Watu wanalala njaa mji huu na sisi tunahangaikia mbwa aliyekula miaka minane. Mpeleke kwa daktari adungwe sindano, alale salama, uhame kwa amani.

Shosho_wa_Kikuyu
Mwanangu, njaa ya watu haipungui kwa kumuua mbwa wa mtu. Mama huyu ameomba msaada usiku, wewe unamletea kaburi.

Mtu_wa_Umoja
Aondolewe kwenye uzi huu.

Msema_Wazi
Msiniondoe, nisikilizeni. Nilipokuwa darasa la tano niliumwa na mbwa aliyeachwa na watu waliohama mtaa wetu. Walifunga mizigo kwenye lori wakamwacha getini. Alikaa pale wiki nzima akingoja, kisha akaanza kuzurura. Nilidungwa sindano kadhaa, mama yangu akakopa nauli kila mara. Kwa hiyo ninaposema adungwe, sisemi kwa chuki. Nasema mkiwatupa, watoto wanaotembea kwenda shule ndio wanaoumwa.

Shosho_wa_Kikuyu
Pole, mwanangu. Ungeanza na hilo, nisingekufokea.

Daktari_wa_Mifugo_Mashinani
Msema_Wazi ana haki ya kuogopa. Akiumwa mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, halafu hospitali bila kungoja kuona kama mbwa ataugua. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mbwa hapa kwetu tunaidunga kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na karibu na siku hiyo huwa kuna kampeni za chanjo, ulizeni ofisi ya mifugo ya kaunti.

Lakini kumlaza mbwa mzima wa afya kwa sababu nyumba imekosekana, mimi binafsi sifanyi. Sindano hiyo ni ya mnyama anayeteseka asiyeweza kutibika. Na kumtelekeza ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. MamaKonda, Konda amehasiwa? Kadi ya chanjo iko?

MamaKonda
Amehasiwa, na kadi iko. Asanteni. BabaMapacha, nimelia. Hapo kwa mnyororo kugonga mabati nilimwamsha Konda bila kutaka.

Mzee_wa_Rongai
Mimi nilimpa wangu shemeji, anayetunza boma la watu upande wa Hardy. Mbwa wa miaka saba, mwepesi kama swala. Nilikwenda kumtembelea wiki ya pili, nikalala huko. Saa tisa usiku mbwa wote wa mtaa walinyamaza kwa wakati mmoja. Nikaamka kwa sababu ya kile kimya. Kisha nikasikia kitu kizito kikitua juu ya bati la banda. Mbwa wangu, ambaye hajawahi kuogopa hata lori, alipita kwenye dirisha la jikoni, kioo na wavu vikaja naye, akaingia chini ya kitanda changu akitoa damu. Tulimulika tochi: chui, amekaa juu ya banda, mkia unaning'inia, anatutazama kama sisi ndio wageni. Alishuka taratibu akaruka ua. Asubuhi jirani alikuwa anatafuta mbwa wake, amebakiwa na kola.

Kiatu_Kimoja
Chui?? Nairobi hii?

Mtu_wa_Umoja
Mzee, mbwa alishonwa nyuzi ngapi? Na chui alirudi?

Mzee_wa_Rongai
Nyuzi 19, begani na mguuni. Chui alirudi mara mbili mwezi ule. Karen na Langata wanajulikana, hifadhi na misitu iko pale pale, na mbwa ni chakula anachokipenda. Anayekwambia boma kubwa ndilo salama kwa mbwa, muulize mbwa analala ndani au nje.

Msusi_Kayole
Mimi sasa naogopa hata paka akipita juu ya bati.

Kijana_wa_Syokimau
Huku kwetu ni fisi. Wanasikika usiku kabisa.

Mtu_wa_Umoja
Fisi wa Syokimau pia tusimulie.

MamaKonda
Jamani, naomba turudi kwa Konda. Nina wiki tano.

Msusi_Kayole
Samahani mama. Ushauri wangu: usitaje umri kwenye tangazo. Sema tu mbwa mtu mzima, mchangamfu. Wakimwona akikimbia watampenda, umri watauliza baadaye.

BabaMapacha
Hapana. Taja umri, taja kuchimba, taja ukuta wa futi tano. Anayekuja akijua yote hatamrudisha. Mbwa akirudishwa mara moja hubadilika, nimeona kwa macho yangu.

Mkimbiaji_wa_Karura
Picha zako zinamwonyesha amelala. Mpige video akikimbia! Njoo msitu wa Karura, mbwa wanaruhusiwa wakiwa kwenye kamba, na Jumamosi asubuhi pamejaa watu wanaopenda mbwa, wengi wana nyumba zenye uwanja. Mfunge kitambaa shingoni kilichoandikwa NATAFUTA KWETU. Mwenzangu alipata mtu kwa njia hiyo kabla hajafika kwenye maporomoko. Na uwapigie KSPCA, lile shirika la kulinda wanyama kule Karen, mapema, usingoje wiki ya mwisho, nafasi zao hujaa.

Mimi wangu ni mzee pia na bado ana moto. Kilichomtuliza si mbio peke yake. Kila jioni natawanya konzi ya omena kwenye majani, anazitafuta kwa pua nusu saa nzima. Baada ya hapo analala kama mtoto aliyeogeshwa.

Kiatu_Kimoja
Omena?! Nyumba nzima itanuka. Mimi natumia ugali mkavu, naficha vipande ndani ya soksi kuukuu.

Daktari_wa_Mifugo_Mashinani
Vyote vinafaa, omena iwe haina chumvi. Na akihama, chakula kisibadilishwe kwa siku moja. Mchanganyie cha zamani na kipya wiki nzima. Wiki mbili za kwanza asifunguliwe kamba nje ya geti hata kama anaonekana ametulia, maana hapo ndipo wengi wanatoroka wakijaribu kurudi kwao. Kola iwe na namba ya simu ya nyumba mpya na yako.

Kijana_wa_Syokimau
Kweli kabisa. Wa mjomba alirudi kwa miguu kutoka Kitengela hadi South B. Alifika kucha zimeisha. Mjomba akasema huyu hatoki tena.

Guka_wa_Limuru
Habari za jioni. Binti yangu amenionyesha mazungumzo haya na nimeyasoma yote, pamoja na ya chui.

Mbwa wangu alikufa mwezi wa tatu. Nina miaka 71. Kila siku saa kumi na mbili natembea kando ya majani chai kama kilomita nne, na tangu mwezi wa tatu natembea na fimbo tu. Watu wananiletea watoto wa mbwa, nawarudisha. Mtoto wa mbwa atanizika halafu aachwe getini, kama yule aliyemuuma huyu kijana. Mbwa wa miaka minane tunaweza kwenda sawa. Analala ndani, jikoni, kwa sababu Limuru ni baridi. Ua ni wa mawe, futi sita. Ninachouliza ni kimoja: anawaonaje kuku? Ninao 14.

MamaKonda
Guka, shikamoo. Sitakuficha. Mwaka juzi alimuua kuku mmoja wa jirani, nikalipa shilingi 800. Tangu hapo hajagusa, lakini hajapata nafasi.

Guka_wa_Limuru
Marahaba mwanangu. Nimefurahi kwamba umesema. Banda la kuku lina mlango, tutaujaribu. Njoo uone jiko kwanza.

Msema_Wazi
Nina gari, Probox, na Jumamosi siendi kazini. Matatu hazitamkubali na mbwa huyo anazijua sana. Nitawapeleka na kuwarudisha, mafuta ni juu yangu.

Shosho_wa_Kikuyu
Mungu akubariki, mwanangu.

Msusi_Kayole
Kadi ya chanjo usisahau. Na utuletee picha ya hilo jiko.

MamaKonda
Jumamosi saa tatu, basi. Hatalala huko siku hiyo, tunaenda kutazama tu, atembee na Guka kwenye majani chai, tuone kuku wanasemaje. Blanketi lake nitalibeba hata hivyo.