Watoto wa mamba wamegoma kula kipupwe hiki, nianzie wapi?

mtunza_bwawa (Bagamoyo)
Salaam wakuu. Kituo kina kibali, na banda la wadogo lina mamba 38 wa miezi minne. Bwawa ni la sementi, mita 3 kwa 2, nusu maji nusu nchi kavu, juu kuna wavu na makuti. Kila jioni wanapewa mnofu wa ng'ombe uliokatwakatwa, siku nyingine vibua vilivyogandishwa. Tangu kusi lishike wanaacha chakula, wanalundikana kona moja, na wanne matumbo yamevimba. Wawili wamekufa. Maji ni ya kisima. Kila anayepita hapa ana dawa yake, mimi nataka kujua nirekebishe nini kwanza.

Kaole_mchana
Dawa ziweke kando, tafuta kipimajoto. Pima maji saa 11 alfajiri. Kipimo cha saa 8 mchana kitakudanganya. Mamba hana joto lake mwenyewe, anatumia la maji na la jua. Wa umri huo anataka nyuzi 30 hadi 32 usiku na mchana. Zikishuka chini ya 25, tumbo karibu linasimama kazi, na nyama aliyokula jioni inamwozea humo humo. Uvimbe wako nadhani unatoka hapo. Angekuwa wa wiki mbili ningeshuku kitovu na kiini cha yai kilichooza, lakini wa miezi minne kiini kimeshanyonywa kitambo.

Kwa hiyo simamisha chakula kwanza. Usimlishe kwa nguvu mwenye tumbo lililojaa, unamwongezea uozo. Pandisha joto taratibu kwa siku nzima, na urudishe chakula maji yakishakaa 30 kwa siku mbili tatu. Makuti ya upande wa mashariki yaondoe ili jua la asubuhi liingie. Jioni funika wavu kwa nailoni nzito, ukiacha upenyo wa hewa juu. Maji mapya yasitoke kisimani moja kwa moja: yajaze kwenye tangi jeusi lililokaa juani, ubadilishe saa 7 mchana yakiwa yamepata moto. Watu wengi huosha bwawa alfajiri kwa maji baridi halafu wanashangaa mamba wamezubaa.

daktari_mifugo_Tanga
Nakubaliana na joto, ila hata likikaa sawa, chakula hicho kitakurudisha hapa baada ya miezi michache. Mnofu mtupu una fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna. Mamba atakua haraka, kisha taya linakuwa laini kama mpira, meno yanakaa upande, mgongo unapinda. Saga vichwa na shingo za kuku pamoja na mifupa yake, hicho ndicho chakula chenyewe. Ukilazimika kutumia mnofu, changanya gramu 10 za unga laini wa maganda ya mayai (yachemshwe, yakaushwe, yasagwe) kwa kila kilo. Unga wa mifupa wa duka la pembejeo unafaa pia, lakini kwa kuwa nao una fosforasi, utahitaji kama mara mbili ya hapo.

Vibua vipunguze. Samaki wenye mafuta wakikaa sana kwenye friza, mafuta yao yanachacha na kumaliza vitamini E ya mnyama. Mafuta ya mwilini mwake yanakuwa magumu. Samaki wabichi wa siku hiyo, mara moja kwa wiki, hawana neno.

Akifa mwingine, usimtie kwenye friza. Mweke kwenye barafu na umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo apasuliwe, maana aliyegandishwa tishu zake zinaharibika.

bi_mkunga
Hicho kisima umekionja? Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na mamba mdogo havumilii kama mkubwa. Akikosa maji yasiyo na chumvi, figo zinashindwa kutoa taka za nyama, asidi ya yuriki inaganda viungoni. Utamwona anaburuta miguu ya nyuma. Kama ni ya chumvi, tafuta ya bomba au ya mvua.

La kulundikana ni woga, na baridi inaongeza. Tandaza mbao zilizoinuliwa sentimita 10 kutoka sakafuni, nusu juu ya maji nusu juu ya nchi kavu, wajifiche chini yake. Wageni wakae mbali, anayeosha awe mtu yule yule na saa ile ile. Mabaki ya chakula yazoe asubuhi, uyapime kwa mzani na uandike daftarini. Daftari hilo litakuonyesha tatizo kabla macho yako hayajaliona. Jiki haifanyi kazi juu ya mafuta, kwa hiyo sugua kwa sabuni kwanza, kisha kikombe kimoja kwenye ndoo ya lita 10, robo saa, suuza mpaka harufu iishe.

mtunza_bwawa
Nimepima leo alfajiri: nyuzi 23. Kisima kina chumvi kidogo, kweli. Usiku je, naweza kuweka jiko la mkaa kama la vifaranga vya kuku?

Kaole_mchana
23! Basi umeshapata jibu. Mkaa usiweke, ukishafunika nailoni moshi wake usioonekana utawaua wote, na wewe ukiingia kuwaangalia. Tumia balbu za joto za vifaranga, mbili, juu ya nchi kavu na siyo juu ya maji, zifungwe kwa mnyororo na si kwa waya wa umeme, zizungushiwe wavu wa chuma. Saketi iwe na swichi inayojikata umeme ukivuja. Upande mmoja wa nchi kavu uache bila balbu, anayeona joto limezidi apate pa kwenda.