Ukoo wa Gede: Safari ya Mida

20 Desemba

Shangazi Kadzo: Hamjambo nyote. Nani na nani wanakuja hori ya Mida kutazama ndege tarehe 26? Nataka kujua mchele wa pilau niupime vipi.

Neema: Shikamoo Shangazi. Mimi, Mama na watoto wawili. Tunashuka na treni tarehe 23.

Shangazi Kadzo: Marahaba mwanangu. Karibuni.

Mjomba Katana: Nami nipo. Tunywe chai, saa nne tuwe darajani, saa sita tumesharudi tunakula.

Kahindi: Mjomba, saa nne mtakuta tope tupu.

Mjomba Katana: Si ndiko huko kwenye tope ndege wanakokula?

Kahindi: Wanakula, ila mbali. Mwezi unapevuka mkesha wa Krismasi, kwa hiyo tarehe 26 ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Asubuhi maji yatapwa yaende zake huko, na ndege watayafuata. Ukiwa kwenye banda la kutazamia ndege utaona vidoa vinavyotembea. Yatajaa kama saa kumi na moja jioni. Tukifika saa nane na nusu tutayakuta yanapanda, yanawasukuma kuja upande wetu huku bado wanakula. Na jua litakuwa mgongoni, rangi zinaonekana vizuri.

Babu Karisa: Hapo Kahindi yuko sawa. Bamvua haimngoji mtu amalize chai.

Mama Neema: Saa nane jua la kaskazi, na watoto? Mnataka kuniulia wajukuu.

Kahindi: Kofia na maji ya kutosha, Shangazi. Bandani kuna kivuli. Tatizo ni kule kwenye daraja tu, na hapo tutapita haraka.

Mjomba Katana: Sasa pilau?

Shangazi Kadzo: Saa sita. Mtaenda mmeshiba.

Mjomba Katana: Basi sina neno.

21 Desemba

Neema: Kaka Kahindi, Dama wangu anauliza kwa nini hao ndege wasikae kwao. Nimemwambia kwao kuna baridi, hajaridhika.

Kahindi: Mwambie hivi. Baridi yenyewe wangeivumilia, wana manyoya. Shida ni chakula. Kuna chamchanga mdogo hapa Mida, mdomo wake umepinda chini kidogo, ambaye anatagia ncha ya kaskazini ya Siberia. Huko mwezi huu jua halichomozi kabisa na tope limeganda likawa jiwe. Atachokoa nini? Huku kwetu maji yanapwa mara mbili kila siku, kila yakipwa meza imeandaliwa: kaa, minyoo, konokono. Anakaa kwetu miezi mingi kuliko anayokaa huko anakotagia. Mimi nasema huyu ni mwenyeji wetu anayesafiri kwenda kuzaa, wala si mgeni.

Neema: Dama amesema "aah".

Kahindi: Hiyo ni maksi nzuri kwake.

Mjomba Katana: Nina rafiki ana mtumbwi. Kwa nini tujibanze bandani? Tuwafuate palepale walipo. Picha zitakuwa safi.

Kahindi: Mjomba, hapana.

Mjomba Katana: Hapana ya nini? Hatuwagusi.

Kahindi: Siku ya bamvua maji yakijaa yanafunika karibu tope lote. Sehemu za kusimama zinabaki chache, wote wanarundikana hapo kungoja maji yashuke. Ukiwarusha hawana pa kwenda, wanazunguka hewani wakichoma mafuta. Na mafuta hayo ndiyo nauli yao. Kabla ya kuondoka, Aprili hivi, wanatakiwa wawe wamenenepa kwelikweli.

Babu Karisa: Zamani sisi tulikuwa tunawarusha kwa manati na walirudi.

Kahindi: Walirudi wale mliowakosa, Babu 😄

Neema: Hilo la manati limenikumbusha. Marekani Krismasi watu walikuwa wanatoka na bunduki, makundi yanashindana nani ameua wengi. Mwaka 1900 Frank Chapman, mtaalamu wa ndege, akasema mwaka huu tuwahesabu badala ya kuwaua. Walijitokeza watu 27. Mpaka leo wanahesabu, kuanzia 14 Desemba hadi 5 Januari.

Mjomba Katana: Haya. Mtumbwi nimeufuta.

26 Desemba

Mama Neema: Wale mliobaki nyumbani, tuko kwenye daraja la kuning'inia. Linayumba. Mjomba wenu ameshika kamba pande zote mbili.

Mjomba Katana: Nimeshika kwa ajili ya watoto.

Shangazi Kadzo: Mmelipa kiingilio?

Neema: Tumelipa. Kumbe mpango huu ulianzishwa usaidie karo ya watoto wa sekondari wanaoishi pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Sikujua.

Kahindi: Maji ndiyo kwanza yanaingia. Simu kimya tafadhali, nitawaandikia walio nyumbani.

Kahindi: [picha] Huyu mkubwa wa kahawia, mdomo mrefu kama mundu, ni sululu. Ametumbukiza mdomo kwenye shimo la kaa mpaka machoni. Nyuma yake wale wadogo wanaokimbia, wanasimama, wanakimbia tena, ni vitwitwi. Wao wanawinda kwa macho. Sululu anapapasa, ncha ya mdomo wake inahisi kitu ndani ya tope. Ndiyo maana wanakula pamoja na hawagombani sana.

Babu Karisa: Membe je? Mimi nataka membe.

Kahindi: Subiri Babu.

Kahindi: [picha] Hao hapo! Kundi zima, weupe na weusi, mdomo mnene mweusi.

Babu Karisa: Haswa. Hao nawajua tangu utoto.

Neema: Babu, Dama anasema umwambie wanatoka wapi.

Babu Karisa: Kahindi atasema. Mimi najua wanakuja na kwenda tu.

Kahindi: Hawa si wa Siberia. Wanatagia pwani za Bahari ya Shamu, Ghuba na Somalia. Wanachimba mashimo mchangani kama panya, yai moja jeupe, na joto la mchanga linasaidia kuatamia. Ndege wengine wa kundi hili la ufukweni hawafanyi hivyo.

Mama Neema: Kuna mmoja wa kijivukijivu anamfuata mwenzake huku analia. Mgonjwa?

Kahindi: Mtoto huyo. Amesafiri na mzazi wake mpaka hapa na bado anataka alishwe.

Mama Neema: Mbona ana mwili sawa na mamake!

Shangazi Kadzo: Mimi ninaye mmoja hivyo humu kikundini, ana miaka ishirini na sita.

Kahindi: Mama 🙈

Mjomba Katana: Saa kumi na mbili kasorobo. Maji yamejaa, tope hakuna, nilidhani tunaondoka. Sasa angalieni juu ya mikoko upande wa kulia. Nini hiki?

Neema: Keremkerem! Wekundu, shingo za buluu, wanaingia kulala kwa makundi. Mjomba ameachia kamba.

29 Desemba

Shangazi Kadzo: Majirani wanapanga fataki usiku wa mwaka mpya, wanataka kuzipigia kwenye ukingo wa maji ili ziakisi. Niseme nini?

Kahindi: Waombe wapigie uwanjani, Mama. Ndege hawa wanakula usiku pia, wao wanafuata maji, hawajali mchana wala giza. Uwanjani watu wengi zaidi wataona.

Shangazi Kadzo: Hiyo ya mwisho ndiyo nitaanza nayo.

30 Desemba

Shangazi Kadzo: Wamekubali uwanjani.

Kahindi: Asante. Na kwa watakaokuwepo Januari: huo ndio mwezi wa hesabu ya ndege wa maji Afrika, imekuwapo tangu 1991. Wanaojitolea hawatoshi kamwe. Huhitaji kujua majina yote, hata mtu wa kuandika hesabu tunamhitaji.

Mjomba Katana: Kundi kama lile la membe mnahesabuje? Hawatulii.

Kahindi: Unahesabu kumi kwanza, unaona wanachukua nafasi gani, kisha unapima kundi lote lina nafasi kama hiyo ngapi. Ukizoea unafanya kwa hamsini.

Mjomba Katana: Niandike jina. Lakini nasimama bandani, darajani atapita mwingine.

Kahindi: Bandani unafikaje bila kupita darajani?

Babu Karisa: Nitamshika mkono.